Baba mpya Dar: kuanzia mwezi wa nane wa mimba mpaka sindano ya wiki ya 14

Mwanaume wa Dar akipata mtoto anapewa kazi moja tu: hela. Tafuta hela, toa hela, kaa kibarazani na wageni. Hela ni lazima, hilo halina ubishi. Ila miezi mitatu ya mwanzo huharibika kwa mambo ambayo hela haiyazuii: mama asiyelala, kijiko cha maji anachopewa mtoto usiku, na mgonjwa anayechelewa hospitali kwa sababu aliyekuwa macho hakujua anaangalia nini. Kunyonyesha peke yake ndiko kusikokuhusu. Kazi nyingine zote zinajifunzika, na unaanza kabla mtoto hajazaliwa.

Hatua ya 1: Mwezi wa nane, pima njia

Nenda kliniki na mkeo walau mara mbili. Vituo vingi vinamhudumia mapema mama aliyekuja na mwenza, kwa hiyo hata foleni mnaipunguza. Mtapimwa wote wawili VVU na kaswende. Mwulize nesi kundi la damu la mkeo na ulikariri, ujue na lako, maana siku ya kujifungua ndugu wakiambiwa damu inahitajika hakuna muda wa kuanza kuulizana.

Kisha chagua hospitali kwa kuangalia barabara kwanza, sifa baadaye. Hospitali za rufaa za mkoa ni Amana kwa Ilala, Mwananyamala kwa Kinondoni na Temeke kwa Temeke, na kuna hospitali za wilaya na vituo vya afya vinavyozalisha vizuri tu. Anayeishi Kigamboni asipange kuvuka na pantoni saa nane za usiku na mama mwenye uchungu. Atafute huduma upande wake, au ajue gari litakalopita Daraja la Nyerere. Wa Magomeni anayelenga Muhimbili ajiulize Jangwani pakijaa maji atapita wapi. Kama siku za kujifungua zinaangukia masika, kati ya Machi na Mei, hilo swali si la nadharia.

Weka namba za madereva wawili, wa teksi au bajaji, wanaolala mtaa wenu au jirani. Wawili, kwa sababu mmoja atazima simu. Bodaboda siyo usafiri wa mama mwenye uchungu. Andika pia 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Hatua ya 2: Fuko, na vitu vya ndani

Orodha ya fuko mtapewa kliniki: khanga na vitenge, mpira wa kutandika, pamba, glovu, kibana kitovu, pedi, beseni, nguo za mtoto, kofia, soksi. Nunua mapema Kariakoo, fua nguo zote za mtoto hata zile mpya, anika juani, piga pasi, funga fuko, weka mlangoni.

Kama mmepewa nguo za watoto wa ndugu zilizohifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende kabatini, zirudishe au zifue mara kadhaa na kuzianika juani mpaka harufu iishe kabisa. Ukanda wetu una watu wengi wenye upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, wengi wao wavulana, na dawa iliyomo kwenye vile vidonge inaweza kuvunja damu ya mtoto wa namna hiyo na kumletea manjano makali. Hili huambiwi dukani.

Ndani ya nyumba, hakikisha una vitu hivi: chandarua chenye dawa kisicho na tundu, kipimajoto cha kidijitali kutoka duka la dawa, ndoo mbili zenye mifuniko zilizojaa maji muda wote (mgao wa maji haujui kuna mzazi), tochi ya kuchaji, na LUKU yenye uniti za kutosha. Pampasi chache, nepi za vitambaa nyingi. Kitanda cha mtoto cha mbao chenye mapambo kinaweza kusubiri. Mpaka miezi sita inaisha wengi wanakitumia kuwekea nguo.

Hatua ya 3: Hesabu siku zako

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba siku tatu za likizo yenye malipo, na lazima zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu ni chache mno, lakini ndizo hizo, kwa hiyo zitumie kwa akili. Usizimalize kwenye benchi la nje ya wodi ambako hata kuingia huruhusiwi ila saa ya kuona wagonjwa. Kama mkeo amejifungua salama na ndugu wa kike yupo hospitali, zianze siku anayorudi nyumbani, bado ukiwa ndani ya zile saba. Halafu unganisha na likizo yako ya mwaka. Ongea na bosi mwezi mmoja kabla, kwa barua.

Ukiwa unajiajiri, una genge au unaendesha bajaji, hakuna anayekupa siku hizo. Utazinunua mwenyewe. Weka pembeni kila siku kiasi cha posho ya nyumbani, mpaka utimize wiki moja ambayo mnaweza kula bila wewe kutoka. Hiyo wiki ina thamani kuliko kochi jipya.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Chupa ikipasuka, nendeni hospitali hata kama uchungu haujaanza. Damu ikitoka, kichwa kikimuuma sana, akiona maluweluwe au mtoto akipunguza kucheza tumboni, nendeni saa hiyo hiyo. Uchungu ukianza bila hayo, hesabu kwa simu: unakuja kila baada ya dakika ngapi, unadumu muda gani. Kwa mimba ya kwanza uchungu unaweza kuchukua nusu siku na zaidi, kwa hiyo ukiambiwa njia imefunguka sentimita tatu usianze kupiga simu kwa ukoo mzima.

Vituo vingi bado havimruhusu mwanaume kuingia leba. Usigombane na mlinzi. Kaa mahali utakaposikia likiitwa jina la mkeo, simu iwe na chaji, fedha taslimu ziwe mfukoni, na kadi ya kliniki ijulikane iko kwa nani. Chakula kije moto: chai, uji, au mtori kwenye chupa.

Hatua ya 5: Kabla hamjatoka wodini

Mama aliyejifungua kawaida anatakiwa abaki chini ya uangalizi walau saa 24. Msikimbilie kutoka kwa sababu wodi imejaa. Kabla ya bajaji kuja, hakikisha haya manne.

Mtoto amenyonya, na mnajua kumpakata: tumbo lake likiangalia tumbo la mama, mdomo umefunuka sana, sehemu kubwa ya weusi wa ziwa imo mdomoni. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, yasimwagwe hata mtu akisema ni machafu. Ni kinga.

Amepata chanjo ya kifua kikuu begani na matone ya polio, na zimeandikwa kwenye kadi yake.

Amekojoa na ametoa choo cha kwanza, kile cheusi kama lami, ndani ya siku mbili za mwanzo.

Na mmepewa tangazo la kizazi, ile karatasi ya kituo inayothibitisha mtoto amezaliwa. Hapa ndipo baba ana kazi. Soma kila herufi: jina la mama, jina lako, tarehe. Yafanane na vitambulisho vyenu vya NIDA. Kurekebisha hapo dirishani ni dakika chache. Kurekebisha akiwa anaanza shule ni safari. Ukiwa na tangazo, msajili mtoto RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ndani ya siku 90, kwenye ofisi ya wilaya au kwa mfumo wao wa mtandaoni. Zikipita, unaingia kwenye usajili uliochelewa na utaombwa vielelezo zaidi. Kama una bima ya kazini, peleka nakala kwa afisa utumishi wiki hiyo hiyo umwongeze mtoto.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza nyumbani

Hii ndiyo wiki ya kukaa macho, kwa sababu mtoto mchanga anaumwa kimyakimya. Halalamiki, hakohoi sana, wakati mwingine hata joto halipandi. Anaacha tu kunyonya.

Jifunze kuhesabu pumzi. Subiri alale au atulie, mfunue kifua na tumbo, washa saa ya simu, hesabu tumbo likipanda kwa dakika nzima. Siyo nusu dakika uzidishe mara mbili, maana mchanga hupumua bila mpangilio: haraka haraka, kisha anasimama sekunde chache, kisha anaendelea. Hiyo ni kawaida. Ukipata 60 au zaidi, hesabu tena. Bado 60? Mpeleke hospitali. Angalia pia kama chini ya mbavu kunabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au kama anakoroma kwa kuguna. Hizo hazisubiri asubuhi.

Joto, pima kwapani. 37.5 na kuendelea ni hospitali. Chini ya 35.5 pia ni hospitali, na hili la baridi wengi hawalijui kwa sababu Dar tunaogopa homa tu. Usimpe paracetamol ya nyumbani ukangoja.

Manjano: mbebe karibu na mlango asubuhi kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa. Tazama weupe wa macho, kisha viganja na nyayo. Manjano kidogo machoni siku ya tatu hutokea kwa watoto wengi na huisha. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni, au mtoto analala tu hataki ziwa, anza safari. Kumwotesha jua la asubuhi hakutibu manjano makali.

Kitovu kiache kikavu. Si mafuta, si mate, si majivu, si dawa ya meno. Nepi ikunjwe chini yake. Kitadondoka chenyewe wiki ya kwanza au ya pili. Kikiwa chekundu kuzunguka, kikitoa usaha au kunuka, kituo cha afya.

Kuoga kusubiri saa 24 za kwanza zipite. Baadaye, hii iwe kazi yako kabisa, isiwe ya kumsaidia mtu. Beseni, maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, mkono mmoja chini ya shingo na kichwa, vidole vimeshika bega la mbali. Osha uso kwanza bila sabuni, mwisho makalio. Kausha mikunjo ya shingo na mapaja, ndiko vipele vinakoanzia.

Na tusimchome na joto. Kuna watoto Dar wanavishwa sweta, kofia ya sufu na blanketi mwezi Februari. Siku zile mbili tatu za mwanzo kofia ina maana, hasa kwa mtoto mdogo. Baada ya hapo mguse kifua au mgongo. Akiwa na jasho, punguza nguo. Fulana ya pamba na khanga vinatosha mchana. Feni iwake, isimlenge usoni. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kwa dakika tano, wala msifunge madirisha mkafukiza ubani. Gesi ya mkaa inaua bila harufu ya kutisha.

Usiku alale chali, godoro gumu kiasi, bila mto, ndani ya chandarua. Wengi tuna chumba kimoja na kitanda kimoja, basi mtoto alale upande wa mama, mbali na ukuta wenye upenyo. Baba aliyekunywa pombe alale chini.

Mkeo naye mwangalie. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, homa, maji yenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kuishiwa pumzi: hospitali. Aliyefanyiwa upasuaji asinyanyue ndoo ya maji wiki sita. Utainyanyua wewe.

Hatua ya 7: Wageni, mama mkwe na arobaini

Mama mkwe au mama yako akija, shukuru. Atapika uji wa pilipili manga na mtori, atakuonyesha mambo ambayo hayamo kwenye kadi ya kliniki. Kwa kumkanda mama, maji yawe ya joto la kuvumilika, na kidonda cha upasuaji kisiguswe. Siku ya saba kama mna akika, fanyeni kwa ukubwa ambao mama hatapika.

Kuna mahali utatakiwa kusimama: maji. Saa tisa za usiku mtoto analia, bibi anakuja na kikombe na kijiko.

"Baba, huyu ana kiu. Na joto hili, koo limekauka."

"Ni kweli mama, joto ni kali. Lakini nesi ametusisitiza miezi sita ni maziwa tu, maji yamo humo humo. Hebu nipe hicho kikombe, nimpe mama yake anywe."

Unakipokea kikombe kwa mikono miwili na unampelekea mkeo. Hakuna aliyedhalilika, na aliyehitaji maji ameyapata. Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, hata Dar ya mwezi wa pili. Kijiko cha maji kinajaza tumbo dogo, ananyonya kidogo, ziwa linapunguza kutengeneza, na wiki mbili baadaye mnaambiwa mama hana maziwa. Dawa ya mchango, maji ya sukari na asali zinaingia kwenye hukumu hiyo hiyo. Kazi ya kukataa vitu hivyo usimwachie mkeo. Yeye amechoka na yule ni mkubwa wake. Maneno yatoke kwako.

Utajuaje ameshiba? Ananyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, na kuanzia siku ya tano analowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24. Uzito hushuka siku za mwanzo na unatakiwa uwe umerudi ulipoanzia akifikisha wiki mbili. Hesabu nepi, usihesabu vilio.

Wageni: saa chache za jioni, wanawe mikono, mwenye mafua aje wiki ijayo, na busu za usoni hapana. Wewe ndiye mwenye sura mbaya mlangoni. Desturi ya mama na mtoto kukaa ndani siku arobaini ina faida yake ya kumkinga na msongamano na kumpumzisha mama, lakini haimzuii kwenda kituoni. Kuna mahudhurio ya siku ya tatu hadi ya saba na wiki ya pili. Nenda naye.

Hatua ya 8: Kilio cha magharibi

Kilio huongezeka wiki baada ya wiki na hufikia kilele karibu na wiki ya sita, mara nyingi jioni. Fuata mpangilio: ziwa, nepi, kumcheulisha begani, joto au baridi, kisha khanga kifuani na kutembea. Bado analia na wewe damu inachemka? Mlaze chali mahali salama, toka nje, pumua dakika tano, rudi. Usimtikise kamwe. Ubongo wa mchanga hauhimili.

Gawaneni usiku. Mkeo alale saa tatu mfululizo kuanzia saa mbili usiku, wewe ukiwa na mtoto kifuani. Ukimwita ni kwa kunyonyesha tu. Kulia lia kwa mama siku za mwanzo hutokea na hupita. Kukizidi wiki mbili, hali chakula, halali usingizi hata mtoto akilala, anasema mtoto angekuwa bora bila yeye, hiyo ni sonona na inatibika. Mpeleke kituoni, usimpeleke kusemewa kwamba hana shukrani. Baba pia huipata.

Hatua ya 9: Wiki ya sita

Mtoto anaanza chanjo za wiki ya 6, 10 na 14: sindano ya pamoja ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na Hib (bakteria wa homa ya uti wa mgongo), sindano ya nimonia, na matone ya polio. Matone ya rota, ya kuzuia kuhara, ni wiki ya 6 na 10 tu. Ni bure kwenye vituo vya serikali. Joto kidogo usiku huo ni la kawaida. Mama naye apimwe, na hapo mzungumzie uzazi wa mpango mkiwa wawili. Kunyonyesha kunakinga mimba pale tu ambapo mtoto hajafika miezi sita, ananyonya mchana na usiku bila kitu kingine, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, kinga hiyo msiitegemee.

Sasa kubemenda. Mtaani watakuambia baba akikutana na mama, au akichepuka, mtoto anadhoofu. Mbegu za kiume haziharibu maziwa. Mkeo akishapona na akiwa tayari, kwa kawaida baada ya wiki sita hivi, hakuna ubaya. Ubaya wa imani hii ni kwamba mtoto akikonda, watu wanaanza kutafuta nani alitoka nje, badala ya kutafuta kwa nini haongezeki uzito: kama ananyonya vizuri, kama ana maambukizi, kama anapewa vitu vingine. Mtoto anayekonda anapelekwa kliniki siku hiyo, na mahakama ya ndoa ingoje. Ila kuchepuka kunaweza kuleta VVU nyumbani, na mama akiambukizwa wakati ananyonyesha hatari kwa mtoto huwa kubwa sana. Wazee walikuwa na jambo lao hapo.

Hatua ya 10: Mama akirudi kazini

Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa watoto zaidi ya mmoja, yaani bado mtoto hajafika miezi sita ya maziwa matupu. Sheria inampa mama hadi saa mbili za muda wa kazi kila siku akanyonyeshe; nyumba ikiwa mbali na kazi, kama Mbagala na Posta, atakamua. Aanze wiki mbili kabla. Maziwa yaliyokamuliwa kwa joto letu yatumike ndani ya saa nne, kwenye friji hadi siku nne. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, ni rahisi kusafisha kuliko chupa. Dada wa kazi aelekezwe na wewe ukiwepo, mara tatu, mpaka akuonyeshe yeye.

Siku 84 ni wiki 12. Sindano ya wiki ya 14 inakuja mama akiwa ameshakaa ofisini wiki mbili, na bosi wake hataki kusikia ruhusa nyingine. Hiyo zamu ni yako. Toka mapema, vituo vingi huanza asubuhi. Chukua kadi, nepi tatu, khanga mbili, kikombe na maziwa kwenye kibebeo chenye barafu. Utakuwa mwanaume peke yako kwenye benchi na kina mama watakuuliza mama yake yuko wapi. Waambie yuko kazini, ulizia nani wa mwisho kwenye foleni, ukae nyuma yake. Sindano zikishachomwa, mwombe nesi akuandikie tarehe ya surua na rubela ya miezi tisa, uiweke kwenye simu yako.